Kwenu wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkusanyiko wetu wa Waswahili hapa Perth, Australia ya Magharibi. Wengi mmenitumia meseji kwamba mlikuwa zamu, wengine watoto wanaumwa, kwa hiyo nimekaa nikaiandika yote kama nilivyoiongea, picha za ukutani tu ndio nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, na nyie vijana mliojazana huko mlangoni hamjambo.

Nina swali moja kabla sijaanza na msinijibu kwa sauti, kila mtu ajijibu moyoni. Kwenu wapi?

Sijauliza unakaa wapi. Unakaa Mirrabooka, unakaa Balga, hilo najua. Sijauliza ulizaliwa wapi wala pasipoti yako ya rangi gani. Nauliza kwenu wapi.

Wimbo tuliousikiliza sasa hivi wote mnaujua hata kama jina la mwimbaji hamlijui, watoto wenu wanauimba shuleni, mmeusikia kwenye tivii mpaka mmeuzoea. Unaitwa I Still Call Australia Home, aliutunga na kuuimba Peter Allen mwaka 1980. Ukiusikiliza vizuri unaanza taratibu kabisa kama mtu anaongea peke yake usiku, mapigo matatu matatu ya kubembeleza, anataja miji aliyopita, Rio, New York, London, halafu unapanda pole pole mpaka mwisho unaona kama uwanja mzima umesimama. Mimi nina miaka kumi na tano nchi hii na miaka mingi niliuona ni wimbo wao, wimbo wa wenye nchi, mimi haunihusu. Leo nataka niwaambie kwa nini siuoni hivyo tena.

Tuanze na mwenyewe aliyeutunga. Peter Allen alizaliwa 1944 Tenterfield, kamji kadogo New South Wales karibu na mpaka wa Queensland, hata leo kana watu elfu nne hivi. Jina la kwao ni Peter Woolnough. Mwaka juzi kazi ilinipeleka Brisbane, nikakodi gari nikaenda kupaona, ni karibu kilomita 270. Watu wa Tenterfield wanajivunia mambo mawili. La kwanza ni hotuba, ndiyo jamani, hotuba kama hii, Oktoba 1889 mzee mmoja anaitwa Henry Parkes alisimama kwenye ukumbi wa mji ule akasema haya makoloni yaungane yawe nchi moja, na miaka kumi na moja baadaye, tarehe 1 Januari 1901, yakaungana. La pili ni duka dogo la mawe pale High Street ambamo George Woolnough, babu yake Peter, alishona matandiko ya farasi tangu 1908 mpaka 1960.

Hebu fikirini, 1908 mpaka 1960, mtu kakaa kwenye kiti kile kile anashona ngozi, na mjukuu wake hakukaa mji mmoja.

Niliingia mle ndani. Kuta nene, mpaka uweke mkono dirishani ndio unajua unene wake, na harufu ya ngozi ipo. Ile harufu ilinikaba hapa kooni, manake babu yangu mzaa mama alikuwa fundi viatu Ngamiani, pale Tanga, ana kigoda chake, ana sindano kubwa na uzi kaupaka nta, ukipita anakuuliza shule vipi na macho hayainui kwenye kiatu. Nimesafiri kwenda kuona kwao Peter Allen, nimesimama pale machozi yananitoka kwa ajili ya Ngamiani.

Sasa niulize. Huyu kijana alikuwa na sababu ya kupapenda kwao? Alikuwa na sababu zote za kupasahau. Baba yake alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia akawa mlevi, mkali, mkono mwepesi, na mwaka 1958 akajipiga risasi akafa, Peter ana miaka kumi na nne tu. Kijana akaondoka. 1964 yuko Hong Kong anaimba hotelini na mwenzake, Judy Garland yule staa wa sinema akawasikia, akawachukua wawe wanamfungulia shoo. 1967 akamuoa binti yake Judy, Liza Minnelli, baadaye wakaachana. Akawa mtu wa New York. 1981 akaimba Radio City Music Hall, akapanda jukwaani juu ya ngamia, mwaka uliofuata yeye na wenzake watatu wakapewa Oscar kwa wimbo wa filamu ya Arthur, na mstari mmoja maarufu wa wimbo ule aliupata yuko ndani ya ndege inazunguka zunguka juu ya New York inasubiri nafasi ya kutua. Nikisoma habari ile ya ndege huwa natulia kidogo. Mtu yuko angani, mji anauona chini, na hawezi kushuka.

Kwa hiyo wimbo huu haukutungwa na mtu aliyekwama ugenini hana nauli. Umetungwa na mtu aliyepata kila kitu ugenini. Na kwa sababu hiyo nataka tulitazame neno moja dogo kwenye jina lake, still, yaani bado.

Bado ni neno la nani? Bado ni neno la mtu ambaye kuna mwenzake alidhani mambo yameisha. Ukisema bado nakula, basi kuna mtu alishanyoosha mkono achukue sahani. Peter Allen alikuwa na nyumba Marekani, marafiki Marekani, tuzo Marekani, watu wakamtazama wakasema huyu ameshakuwa wa kule, naye akasema bado. Hakusema narudi kesho. Wala hakurudi kuhamia, alikuwa anakuja kuimba na kuondoka, mwanzoni mwa 1992 alikuwa jukwaani Sydney na tarehe 18 Juni mwaka ule ule akafia San Diego kwa ugonjwa uliotokana na UKIMWI, ana miaka 48. Hakurudi kukaa, lakini bado alipaita kwao.

Ndugu zangu, wangapi humu tunawasema wenzetu kwamba fulani ameshapotea, ameshakuwa Mzungu, hajatia mguu Afrika miaka kumi? Tusiwahukumu haraka. Hujui usiku akiwa peke yake anapaita wapi.

Sasa nije kwenye lugha yetu, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Home kwa Kiswahili ni nini? Wote mtasema nyumbani. Haya, sikilizeni. Siku moja natoka kazini niko kwenye treni, mama akapiga kutoka Tanga, simu inakatika katika, nikamwambia mama ngoja nifike nyumbani nikupigie. Kimya. Nikadhani imekatika kweli. Halafu mama akasema, nyumbani wapi?

Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza tu. Lakini mimi lile swali nilishuka nalo kwenye treni, nikatembea nalo mpaka mlangoni, nimeshika funguo mkononi namfikiria mama. Nyumbani wapi?

Nilikuja kupata jibu baadaye sana. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambapo Mwingereza kapewa moja. Nyumbani ni pale utakapolala leo, kitanda chako kilipo, hata ukihama wiki ijayo nyumbani nako kunahama na wewe. Kwetu hakuhami. Na angalieni tena, ni kwetu, sio kwangu. Kwangu ni hii nyumba ninayolipia, mgeni karibu kwangu. Lakini hakuna mtu anayesema kwangu ni Tanga, ni kwetu, hata kama ni mtoto pekee, hata kama ni yatima wa baba na mama hakubakiwa na mtu hata mmoja bado anasema kwetu. Huyo wetu ni nani na nani wakati yuko peke yake? Ni wote, waliopo na waliokufa. Lugha imekataa kumwachia mtu mmoja sehemu hiyo aishike peke yake.

Nikaurudia ule wimbo na sikio hilo. Kumbe na wenyewe unafanya hivyo hivyo! Unaanza na mimi, mimi nimepita huku, mimi nimeona kule, katikati anawakumbuka vijana wa kike na wa kiume waliotawanyika duniani mbali na jamaa zao, halafu anakuja na sisi, kwamba ipo siku sote tutakutana tena. Ameanza peke yake amemaliza na watu. Ningepewa kazi ya kuutafsiri nisingeandika nyumbani hata kidogo, ningeandika Australia bado ndiyo kwetu.

Na sheria hapa mnajua ilivyo. Waaustralia wenyewe, mpaka tarehe 4 Aprili 2002, mtu mzima akiomba uraia wa nchi nyingine wa kwake ulikuwa unakufa hapo hapo. Yaani wimbo ulikuwa na miaka ishirini na zaidi, wanauimba viwanjani mpaka wanalia, na sheria inasema ukichukua pasipoti ya kule wewe sio wetu. Wakenya ninyi katiba ya 2010 iliwafungulia, sisi Watanzania uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima sheria yetu haijaruhusu, na humu ndani kuna watu najua walishika ile bahasha ya uraia wa hapa mkono unatetemeka. Pasipoti unaweza kuirudisha dirishani ukaambiwa asante. Kwetu unairudisha dirisha gani?

Halafu nimuongelee kijana wetu mmoja, yumo humu na amenipa ruhusa, jina nalihifadhi. Wazazi wake ni wa Kivu ya Kusini, yeye kazaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, Kiswahili chake cha Kigoma, pasipoti yake ya Australia. Nilimuuliza lile swali la wazee, kwenu wapi mwanangu. Akafikiri. Akanambia, kwetu ni pale mama alipopanda mwembe nyuma ya nyumba ya tope, na ile nyumba sasa wanaikaa watu wengine. Sikuwa na neno la kuongeza.

Twende mbele. Huu wimbo ulipotoka haukuwa namba moja, uliingia taratibu tu. Kilichoupandisha ni ndege. Shirika la Qantas liliuchukua miaka ya 1980 mwishoni likaufanya tangazo, na baadaye likaweka watoto wa kwaya wamevaa nguo zao wamesimama sehemu maarufu za dunia nzima wanaimba. Kuna wanaosema tangazo limeuharibu wimbo. Mimi sikubaliani nao. Mwenye hamu ya kwao mwisho wa yote anatafuta tiketi, sasa kuna ubaya gani wimbo ukikaa mlangoni pa ndege.

Ila kuna kipindi wimbo huu ulinichoma. Machi 2020 mipaka ya Australia ilifungwa kwa sababu ya korona. Raia walioko nje wakawekewa idadi ya kuingia kwa wiki, tiketi zikapanda mpaka haziguswi, mwishoni mwa ule mwaka zaidi ya raia 30,000 walikuwa wamejiandikisha kwamba wamekwama nje wanataka kurudi. Thelathini elfu! Na Aprili 2021 ikaisha, ikaja Mei, aliyetoka India akaambiwa akiingia anaweza kufungwa jela, hata kama ni raia. Watu wanapaita kwao na kwao hakuitiki. Na sisi tuliokuwa ndani kutoka nje ilikuwa mpaka kibali. Hapa kwetu Magharibi ndio tulichelewa kuliko wote, mpaka wa jimbo ulifunguliwa tarehe 3 Machi 2022.

Baba yangu alifariki Agosti 2021.

Nilimzika kwa simu. Mdogo wangu alishika simu juu juu ili nione, mkono unamchoka, picha inashuka naona viatu vya watu, kandambili, vumbi, halafu inapanda tena naona migongo. Niwe mkweli, hata mipaka ingekuwa wazi maziko nisingeyawahi, kwetu maiti hailali. Lakini arobaini ningewahi. Arobaini ningekuwepo, ningegawa sahani za pilau na mimi kama mtoto wa marehemu.

Siku ile jioni nikaenda Cottesloe, pale ufukweni. Mnajua kule jua linazama baharini, na bahari ni ile ile ya Hindi, na Tanga pale Raskazone jua linatoka baharini. Bahari moja, mimi nimekaa upande linapozama. Nikakaa mpaka giza. Na kuna jamaa alikuwa amepaki gari, redio iko wazi, ikapiga ule wimbo. Wa Peter Allen mwenyewe, sio wa kwaya. Ndugu zangu, siku ile ndio niliusikia kwa mara ya kwanza, ile miaka mingine yote nilikuwa nausikia kwa masikio tu.

Sasa niwaambie la mwisho kisha tule, manake naona akina mama wameshaanza kufunua masufuria.

Kuna swali huwa linaulizwa, nani ana haki ya kuuimba? Tangazo la Qantas la 2009 linaanza na mtoto anaimba kwa Kala Lagaw Ya, ni lugha ya visiwa vya magharibi vya Torres Strait, huko juu kabisa kaskazini. Sielewi neno hata moja lakini kila nikisikia nywele zinanisimama. Kwa sababu wenyeji wa nchi hii, na hapa tulipo ni ardhi ya Wanoongar, wao hawakusafiri kwenda London kutafuta maisha wakapakumbuka kwao. Wao kwao kulichukuliwa wamo ndani yake. Mtu anaweza kuitamani kwao akiwa amesimama juu yake. Kwa hiyo wimbo ukiimbwa kwa lugha ile maana yake inabadilika kabisa, na naomba tuliheshimu hilo sisi wageni kuliko watu wote.

Na upande wa pili ni sisi. Sensa ya 2021 inasema katika watu wa nchi hii asilimia 27.6 walizaliwa nje, na karibu nusu ya watu wote wana mzazi aliyezaliwa nje. Yaani hii nchi nusu yake kuna mtu mezani anakumbuka sehemu nyingine. Muitaliano, Mgiriki, Mvietnamu, sasa na sisi. Wimbo wa hamu ya kwao unaimbwa na nchi nzima ya watu wenye hamu ya kwao kwingine!

Mwaka jana binti yangu, ana miaka tisa, kazaliwa hapa hapa Perth, darasa lao liliuimba shuleni. Nimekaa kiti cha tatu, sare imenyooka, nywele mama yake kamsuka mistari, anaimba kwa moyo wake wote na mkono kifuani. Nitawaambia ukweli kwa sababu ninyi ni watu wangu. Nilisikia wivu. Niliona kama ananiaga. Kwamba mimi nimetoka Ngamiani nimevuka bahari, nimefanya zamu za usiku, halafu mwanangu anasimama mbele ya watu anasema kwao ni hapa. Na ni kweli, kwao ni hapa, asiseme hivyo aseme nini? Wazazi wenzangu, nani humu hajawahi kusikia kile kitu? Tunawafundisha Kiswahili, tunawapikia maharage ya nazi, na huku tunawaza wanatutoka.

Jumapili yake tukampigia bibi video. Huku saa mbili usiku, Tanga saa tisa alasiri, bibi kakaa barazani anachambua mchele, ungo uko mapajani. Nikamwambia mtoto muimbie bibi ule wimbo wa shule. Akaimba wote. Bibi mikono ikasimama kwenye ungo. Alipomaliza bibi akaniuliza, anasema nini?

Sikujibu upesi. Nikamwambia, mama, anasema kwao ni Australia.

Bibi akanyamaza kidogo, akaokota chuya moja akaitupa. Akasema, amesema vizuri, sauti kachukua kwa babu yake. Halafu akasema, sasa muulize, na huku anapaitaje?

Nikamgeukia mtoto nikamuuliza. Na yeye hata hakufikiri, akajibu kama mtu anayeulizwa jina lake.

Kwa bibi.

Tunaenda Desemba, inshallah, tiketi zimeshakatwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza, wazee ndio watangulie kwenye chakula, vijana mnajua sahani zilipo.